Tanga 1914 mezani: shajara ya mradi wa mtu mwenye dadu za nuksi

Wiki ya 1

Tumeamua. Mradi wa msimu huu, katika michezo yetu ya vita ya mezani inayochezwa kwa visanamu na dadu, ni vita vya Tanga kati ya Waingereza na Wajerumani, Novemba 1914. Tuko wanne: Mwalimu, Shemeji, Dogo na mimi. Msimu uliopita tulicheza vita vingine bila kuandika chochote, na leo ukituuliza kanuni tulizotumia kila mtu atakupa zake. Safari hii naandika.

Tanga inafaa meza kwa sababu ni vita vifupi, siku nne tu, na kwa sababu matokeo yake hadi leo yanakera. Tarehe 2 Novemba manowari ya Kiingereza, Fox, ilitokea mbele ya bandari. Nahodha wake, Caulfeild, akampa mkuu wa wilaya wa Kijerumani saa moja ajisalimishe. Saa ikaisha bila jibu, na badala ya kuteremsha watu papo hapo, muda ukaliwa na kazi ya kutafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwamo. Wakati huo huo Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa anasomba kombania zake kwa garimoshi kutoka upande wa Moshi. Jenerali Aitken wa Waingereza alikuja na watu wapatao 8,000. Mpinzani wake, hata baada ya garimoshi zote, alikuwa na wapatao 1,000. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wamepoteza zaidi ya watu 800 kwa kufa, kujeruhiwa na kutojulikana walipo.

Mwalimu kachukua Wajerumani kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyesoma historia. Mimi nimepewa Waingereza kwa hoja kwamba nina subira ya kupaka rangi. Sikupata hoja ya tatu.

Wiki ya 2 hadi ya 4

Visanamu ni vya milimita 15. Kibao kimoja ni watu 100, na juu yake tunabandika visanamu vitatu. Ukitoa wahandisi, watu wa reli na wapagazi, jeshi la Aitken linabaki na vibao 60. Fanya hesabu: visanamu 180. Mwalimu ana vibao 10. Alimaliza jeshi lake kwa jioni mbili, kisha akawa anakuja kukaa pembeni yangu kunitazama, mikono nyuma kama mkaguzi.

Kwa anayetaka kujua namna ya kupaka: rangi ya msingi ya kahawia iliyofifia kwa kunyunyiza, kisha khaki juu yake, kisha kahawia nzito iliyozimuliwa kwa maji mengi ili izame kwenye mikunjo ya nguo. Ikikauka, brashi kavu yenye khaki nyeupe kidogo inapita juu juu tu. Usihangaike na macho. Kwa ukubwa huu jicho lililochorwa humfanya askari aonekane kama ameona jini.

Kazi ngumu ilikuwa kutofautisha vikosi, maana jeshi hili lilikuwa la watu waliokusanywa kutoka huku na huku, wengine hawajawahi kufanya mazoezi pamoja. Loyal North Lancashire, kikosi pekee cha Waingereza wenyewe, wana helmeti za jua. Wengine, wakiwemo Pioneers na Grenadiers, ni vikosi vya kutoka India. 13th Rajputs wana vilemba. Kashmir Rifles niliwapa khaki yenye ukijani ili niwajue kwa mbali. Kwa 63rd Palamcottah rangi iliniishia, nikachanganya nyingine kwa kukisia, wakatoka wamepauka kuliko wenzao wote. Nawataja kwa sababu hawa watu waliopauka watarudi tena na tena katika shajara hii, na si kwa sifa.

Wiki ya 5

Mandhari imekuwa kazi ya Shemeji na sina neno. Miti ya mpira ameisokota kwa waya na kuivika sifongo iliyopakwa kijani, kisha ameipanda kwa mistari iliyonyooka kama ilivyokuwa mashambani. Mkonge ameutengeneza kwa nyuzi ngumu za brashi kuukuu la kusugulia. Mkato wa reli upande wa mashariki wa mji ameuchonga kwenye povu gumu, kina cha kidole. Walinzi walijipanga humo, kwa hiyo ni lazima kibao kiingie na kisimame wima bila kuanguka. Ras Kasone, waliposhukia Waingereza, iko ukingoni mwa meza, mji uko upande wa pili, na katikati kuna mashamba yanayoziba macho.

Kuna pia mizinga ya nyuki, vijiti vinane vilivyochongwa kama magogo na kutundikwa mitini. Hapa Kiswahili kinamcheka Aitken kuliko lugha nyingine yoyote. Alikuja na mizinga ya manowari, akakutana na mizinga ya miti, na iliyomtia aibu ni ile ya pili. Risasi zilipowavuruga nyuki, waliwashambulia watu wa pande zote mbili, lakini waliosimuliwa zaidi ni askari wa Aitken waliokimbia. Baadaye zikazuka hadithi kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao kwa makusudi. Jeshi likishindwa na watu wachache namna ile, nyuki wenye mafunzo wanapendeza kuliko ukweli.

Wiki ya 6: kanuni

Tumeziandika wenyewe, kurasa nne. Mwanzo niliandika kwamba kwenye kupiga risasi unataka namba kubwa, na kwenye kipimo cha moyo, yaani kuona kama kikosi kitasimama au kitakimbia, unataka namba ndogo. Dogo, ambaye anasoma hisabati, akauliza swali moja: kwa nini? Sikuwa na jibu. Sasa namba kubwa ni njema kila mahali, na mtu haangalii kitabu kila baada ya dakika mbili.

Risasi: kila kibao kinarusha dadu moja. Adui akiwa wazi unataka 4 na kuendelea. Akiwa mkatoni au ndani ya nyumba, 6 tu. Kipimo cha moyo: kikosi kikipigwa vya kutosha kinarusha dadu mbili, na jumla lazima ifikie namba yake. Lancashire wanahitaji 5, kwa hiyo wanashindwa mara 6 tu katika 36. Palamcottah wanahitaji 8, kwa hiyo wanafaulu mara 15 katika 36. Mwalimu alitaka wapewe 9. Nilikataa. Nimewapaka rangi kwa mkono wangu.

Kombania nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 zinazotumia baruti ya moshi. Kibao chenye bunduki hizo kikifyatua kinawekewa kipande cha pamba, na zamu inayofuata kila mtu anakiona kilipo. Hii ndiyo kanuni ninayoipenda kuliko zote, na bila shaka ndiyo inayosahauliwa.

Nyuki: kikosi kikifyatua au kikifyatuliwa karibu na mzinga, mwenye kikosi anarusha dadu moja. Ikitoka 1, wametoka. Kilichoko karibu zaidi kinarudi nyuma mwendo mzima, kiwe cha nani.

Na kanuni ya bandari, aliyoisisitiza Mwalimu. Mchezo unaanza tarehe 2. Mwingereza anachagua: ama atafute mabomu ya baharini kwanza, na kila zamu anayotafuta garimoshi la Mjerumani linaweza kuleta kibao kimoja, ama ateremshe watu moja kwa moja na arushe dadu moja tu. Ikitoka 1 kuna bomu, na vibao 10 vinazama kabla ya kugusa mchanga. Kwamba mwaka 1914 hayakuwamo hakuhesabiki, kwa kuwa Caulfeild hakujua.

Garimoshi nalo lina dadu yake: 1 limechelewa, 2 hadi 6 limefika.

Mchezo wa 1

Nilitafuta mabomu. Zamu sita. Ninajijua mimi na dadu: nikipewa nafasi moja katika sita ya kuangamia, ninaiona imeshakuja, imekaa, imevua viatu. Kwa hiyo nilisafisha bahari mpaka ikang'aa, na Mwalimu akaleta vibao sita bila kuchelewa hata kimoja.

Kisha nikasonga. Vibao 12 vya Rajputs na Pioneers vikawakuta askari wawili wa doria wakiwa wazi kabisa, nikarusha dadu 12 nikitaka 4 na kuendelea. Zikatoka mbili. Dogo akakokotoa papo hapo: kupata mbili au pungufu hutokea takriban mara 1 katika 52. Nikamshukuru. Kisha nyuki: dadu ya kwanza 1, dadu ya pili 1. Rajputs wakarudi kulia, Grenadiers wakarudi kushoto, wakagongana na Palamcottah ambao hawakuwa wamepigwa na yeyote. Palamcottah wakapimwa moyo kwa kugongwa na wenzao. Dadu mbili: 1 na 2.

Lancashire, wale wa kushindwa mara 6 katika 36, walipimwa mara tatu na wakashindwa mara tatu. Dogo akafungua mdomo. Nikamwambia najua, 1 katika 216, nyamaza.

Shemeji akasema, "Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza." Tukafunga mchezo.

Wiki ya 7: dadu zinashtakiwa

Nina dadu nyekundu kumi na mbili ambazo nimekuwa nazo miaka. Nilizipeleka mahakamani. Kwanza maji ya chumvi: ukikoroga chumvi ya kutosha dadu ya plastiki inaelea, na ukiisukuma kwa kidole mara nyingi, yenye uzito upande mmoja itarudisha uso ule ule juu. Zangu zilizungukazunguka tu bila msimamo. Kisha nikarusha mara 600 na kuandika. Kila uso ulitarajiwa kutokea mara 100. Moja ilitoka mara 104, sita mara 97. Hiyo ni tofauti ya kawaida kabisa. Jioni nzima imepotea kuthibitisha kwamba dadu hazina kosa, na ukiwa umezizoea kuzilaumu hiyo ni habari mbaya.

Katika wiki hii pia nilibandika upya vibao vinne vilivyodondoka. Gundi ya haraka haipendi rangi, kwa hiyo kwaruza kwanza chini ya miguu ya kisanamu ndipo ubandike.

Mchezo wa 2

Dogo alikuja na daftari. Alisema ataandika kila dadu itakayorushwa na kila mtu, na hakuna kulalamika mpaka mwisho. Ni sheria ngumu kwangu.

Nilitafuta mabomu tena, lakini zamu nne tu, nikijiona jasiri. Mwalimu akapata vibao vitatu, maana mara moja garimoshi lilichelewa na nikasimama kabisa kushangilia. Safari hii mstari wangu ulikwenda vizuri upande wa kaskazini. Lancashire na Kashmir Rifles waliuvuka mkato, wakaingia mjini, wakakamata forodha na hoteli ya Deutscher Kaiser, jambo ambalo wenzao wa kweli walilifanya mchana wa tarehe 4. Shemeji alipiga picha. Nikasema labda nuksi imekatika.

Upande wa kusini ndipo kulipokuwa na Palamcottah. Niliwaweka pale kuunganisha mjini na Grenadiers, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuweka. Mwalimu hakuwafyatulia mwanzoni. Alikaa na bombom zake, yaani bunduki za rashasha, akisubiri wapite wazi, akapiga mara moja, wakahitaji 8. Wakapata 7. Wakakimbia, pengo likafunguka, na Mwalimu akapitisha akiba yake yote pale pale ambapo Von Lettow alimpiga Aitken, ubavu wa kushoto. Grenadiers wakakatika. Waliokuwa mjini wakabaki bila nyuma. Zamu ya tisa nilikuwa naburuza watu kurudi Ras Kasone, na kanuni ya vifaa ikanilazimu niache bombom zote ufukoni. Mwalimu akazikusanya kwa heshima na kuzipanga mbele yake. Aitken wa kweli aliacha bombom 16 na risasi 600,000, kwa hiyo siwezi kusema kanuni ni ya uonevu.

Kisha Dogo akasoma daftari. Mimi: dadu 214, wastani 3.44. Mwalimu: dadu 96, wastani 3.41. Wastani wa haki ni 3.5. Tulikuwa sawasawa, na mimi nimemzidi kidogo.

Nilimwambia hesabu hizo zimekosewa. Akageuza ukurasa. Alikuwa amezungushia wino mwekundu kila dadu ambayo mrushaji, ikimkataa, hakuwa na la kufanya baadaye. Zangu zilikuwa 19. Za Mwalimu, 4.

"Kaka," akasema Dogo, "Mwalimu anarusha dadu akiwa ameshajua atafanya nini zikikataa. Wewe unarusha kwanza halafu ndio unafikiri."

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu kwa busara. Nilisema nakwenda kunawa brashi.

Wiki ya 9

Nimekaa na daftari la Dogo peke yangu. Ile 7 ya Palamcottah imezungushiwa wino mara mbili. Nilikuwa nimeiita bahati mbaya, na kweli namba ilikosekana kwa moja. Lakini nafasi yao ya kufaulu ilikuwa 15 katika 36 tangu wiki ya 6. Niliyewaweka mahali ambapo jeshi zima linategemea dadu hizo ni mimi.

Na bandari je? Dogo hakuiwekea wino, kwa sababu sikurusha dadu yoyote pale. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Katika michezo miwili nimekataa dadu moja yenye nafasi tano katika sita za usalama, na kwa kuikataa nimempa Mwalimu vibao tisa ambavyo vilinirudishia dadu mia za risasi. Hasara kubwa kuliko zote haimo daftarini.

Nadhani nyuki walimfanyia Aitken kazi ambayo dadu nyekundu zinanifanyia mimi. Mtu akiuliza kwa nini ulishindwa, unamwonyesha mizinga mitini, naye haulizi tena ulifanya nini tarehe 2.

Kanuni iliyobadilishwa: nyuki sasa wanahitaji dadu mbili, zote 1. Waliniharibia mchezo wa kwanza kwa kweli, hilo silifuti.

Mchezo wa 3

Sikutafuta mabomu. Nilitangaza hivyo nikasikia meza imenyamaza. Nikachukua dadu moja nyekundu, nikairusha.

Moja.

Sitaeleza kicheko kilichofuata. Shemeji alilazimika kutoka nje. Vibao 10 vikaondolewa mezani, Rajputs wote na nusu ya Pioneers, visanamu 30 vilivyonichukua jioni nane, havijagusa mchanga. Mwalimu mwenyewe alinionea huruma, na Mwalimu haoni huruma.

Lakini alipogeuka kutazama upande wake alikuwa na vibao vitatu mjini. Vitatu! Garimoshi lake halikuwa limepata hata zamu moja.

Nilishuka na vibao 50. Lancashire niliwaweka kusini, ubavuni, palipokuwa pakipasuka kila mara. Palamcottah nikawaacha ufukoni kulinda masanduku, na huko hawakupimwa moyo mpaka mwisho wa mchezo, na nadhani walifurahi. Kaskazini nikapeleka Kashmir kwa mawimbi mawili, wimbi la pili likiwa nyuma hatua moja, ili la kwanza likikataa kuwe na mtu wa kuziba. Kila nilipotaka kurusha, Dogo alininyooshea kalamu nyekundu kunikumbusha. Inaudhi sana, na inafaa.

Dadu zilikuwa mbaya, na safari hii ninao ushahidi: nilirusha 152, wastani 3.2. Wimbi la kwanza la Kashmir lilikataa kwa 4. Wimbi la pili likapita juu yao. Bombom ya mkatoni ilihimili zamu tatu za risasi zangu bila 6 hata moja, dadu 22, nikaacha kuifyatulia na kuizunguka. Pamba za moshi, ambazo kwa mara ya kwanza hakuna aliyezisahau, zilinionyesha hasa ni kibao kipi cha askari kilichobaki peke yake karibu na stesheni. Mwalimu alileta kibao kimoja, kisha kingine, lakini kila kimoja kilishuka behewani kikakuta Lancashire wako karibu zaidi kuliko zamu iliyopita.

Zamu ya nane niliingia stesheni. Garimoshi lililofuata halikuwa na mahali pa kusimama. Mwalimu alizungusha vibao vyake vinne vya mwisho kuelekea kusini, akatafuta pengo, akamkuta Grenadier amekaa, na nyuma yake Grenadier mwingine. Akakaa kimya muda mrefu, akichezea kile kisanamu cha Von Lettow kwenye baiskeli ambacho Shemeji alimchongea kwa waya mwembamba. Inasemekana usiku wa kuamkia tarehe 4 jamaa aliendesha baiskeli kupita mjini kwenda kuchungulia Waingereza walipo. Mwalimu akampeleka mpaka ukingo wa meza, akamgeuza, akamrudisha.

"Tubadilishane pande," akasema.

Wiki ya 11

Marekebisho madogo: vanishi ya visanamu vya Lancashire imekwaruzwa kwa kushikwashikwa, nimepuliza tena. Mkonge umepoteza nyuzi. Dogo anataka kanuni ya moshi iguse bunduki za kisasa pia. Sikubali.

Mchezo wa 4, mwanzo tu, umeme umetukatizia

Nina vibao 10 na baiskeli. Mwalimu kakaa upande wa bahari na visanamu vyangu 180, akatangaza kwamba atatafuta mabomu kwanza, zamu mbili. Nikafurahi kimoyomoyo. Zamu mbili, garimoshi mbili, na hata likikawia moja mpango wangu upo: mkato utashikwa na bombom peke yake, askari wakae nyuma ya stesheni. Nilimwonyesha Dogo karatasi, akaisoma, akaweka kalamu nyekundu mfukoni.

Nikarusha dadu ya garimoshi la kwanza. Moja.

La pili. Moja.